Posho na Hongo: Gharama za Njia katika Kodi ya Wachukuzi wa Usukuma na Uzinza

Katika maneno yaliyoenezwa barani na biashara ya misafara, mawili yangali vinywani mwa watu kila siku, nayo ni posho na hongo. La kwanza lilikuwa chakula alichopewa mchukuzi njiani, na leo ni fedha apewazo mtumishi anapokwenda safari. La pili lilikuwa ushuru wa njia, na leo ni rushwa. Wanafunzi wa lugha wameyataja mara nyingi kuwa mifano ya maana ihamavyo. Mimi nataka kuyatazama kwa upande wa hesabu. Maneno haya yalikuwa majina ya gharama, na swali lililozaliwa pamoja nayo, kwamba gharama ya njia iko juu ya nani, lingali linamkabili mtu mwenye lori lake na aliendeshaye mwenyewe, kutoka Isaka mpaka Rusumo au kutoka Kahama mpaka Geita, siku aendapo kuhesabiwa kodi ya mapato.

Nchi ninayoisemea ni ile ya kusini ya Ziwa Viktoria, tangu Shinyanga na Kahama, kupita Usumbwa, mpaka Uzinza. Sehemu kubwa ya Uzinza na ya Usumbwa imo leo katika mkoa wa Geita, uliofanywa mwaka 2012 kwa kukata vipande vya mikoa ya jirani. Yafaa ikumbukwe kwamba kabla ya dhahabu kuipa nchi hii sifa, chuma ndicho kilichoipa. Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma wa Uzinza, walifua majembe yaliyochukuliwa mabegani mpaka Unyamwezi na Ugogo, yakawa mali ya kubadilishana kama fedha. Wasumbwa nao walikuwa wasafiri wakubwa. Msiri, aliyeanzisha utawala wake huko Katanga katikati ya karne ya 19 na kuuawa mwaka 1891, asili yake ni watu hao. Basi mchukuzi wa kwanza wa nchi hizi hakuwa mtu wa kuajiriwa. Alichukua jembe lake au chumvi yake, akala chakula chake, na faida aliyorudi nayo nyumbani ilikuwa ile iliyosalia baada ya kuondoa alichokula njiani na alichowapa wenye njia. Hakuna aliyemfundisha kwamba faida na mapato ni vitu viwili. Tumbo lake lilimwambia.

Mambo yalibadilika misafara ya pwani ilipozidi, na Wanyamwezi na Wasukuma wakawa wapagazi wa mshahara. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani ratli sabini, na mshahara ulipatanwa kwa safari nzima au kwa mwezi, ukalipwa kwa nguo, shanga, au reale. Lakini mbali na mshahara palikuwa na posho. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba kipimo cha mtu mmoja kwa siku kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, kiasi cha ratli moja na nusu. Mahali ambapo nafaka haikupatikana, posho ilitolewa kwa nguo au shanga ili kila kambi inunue chakula chake. Wasafiri wa Kizungu walilalamika sana juu ya wapagazi waliogoma kwa sababu ya posho, nao waliona hiyo ni tamaa au ukaidi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi hao, ameonyesha kwamba walikuwa wafanya kazi wenye ufundi na desturi zao, na kwamba migomo hiyo ilikuwa njia ya kulinda masharti ya kazi. Nami naongeza hili: mpagazi aliyedai posho alikuwa akilinda mpaka wa hesabu. Kama posho ingeliingizwa ndani ya mshahara, mshahara ungelikwisha njiani, na mtu angelirudi Usukuma na mabega yenye sugu tu. Kwa desturi, chakula cha njiani kilikuwa gharama ya mzigo, nacho kililipwa na mwenye mzigo.

Hongo lilikuwa na mpaka kama huo. Lilitolewa kwa mtemi ambaye msafara ulipita katika nchi yake, naye aliyelitoa ni mkuu wa msafara, si mpagazi. Watu wa Uzinza walijulikana sana kwa jambo hili. Mwaka 1861 John Hanning Speke alizuiliwa huko kwa wiki nyingi, akiwa mgonjwa, mtemi Lumeresi akimdai hongo kubwa kuliko alivyotaka kutoa. Ukisoma habari zake waweza kudhani kwamba alinyang'anywa. Lakini mtemi naye alikuwa na hoja yake: maji, kuni, mahali pa kambi na usalama wa watu wageni vyatoka katika nchi yake. Na Mirambo wa Urambo, alipoifunga njia ya magharibi mwaka 1871 katika vita vyake na Waarabu wa Tabora, aliwafunza wote kwamba anayeishika njia anaishika bei ya pembe. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903 ingali inalieleza hongo kuwa ushuru wa kupita, jambo ambalo lilikuwa karibu limekwisha siku kitabu kilipopigwa chapa.

Lilikwisha kwa sababu serikali ya Kijerumani haikukubali mwingine atoze njiani. Badala yake ilileta kodi. Neno kodi lilikuwako pwani zamani, maana yake malipo ya kupanga nyumba au shamba, na labda ndiyo maana lilifaa kwa kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Angalia tofauti. Hongo lilitozwa juu ya mali ipitayo. Asiyekuwa na mali hakutoa. Kodi ya nyumba, na baada yake kodi ya kichwa, haikuuliza mtu amepata nini, wala ametumia nini hata akapata. Mpagazi aliyerudi na faida na yule aliyerudi na homa walidaiwa sawa. Katika hesabu ya kodi ya kichwa hapana mahali pa kuandika gharama, kwa kuwa hapana mahali pa kuandika pato. Nayo yalikuwa makusudi: kodi ile ilitakiwa kuwatoa watu majumbani wakatafute kazi ya fedha, na kwa watu wa Usukuma kazi ya karibu waliyoijua ilikuwa ni uchukuzi.

Kisha uchukuzi wenyewe ukaondolewa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na biashara ya mabega ya watu ikaanguka. Vita vya 1914 mpaka 1918 vikaifufua kwa nguvu na kwa ubaya, watu wakichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi, ni ukumbusho wake. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza kwa kupitia Shinyanga, na pamba ya Usukuma ikapata njia yake. Malori yalikuja kama mtumishi wa reli, kwa maana yalileta pamba kutoka vituo vya kununulia mpaka vinu na stesheni. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliyazuia kushindana na reli katika baadhi ya njia, kwa hofu ya kupoteza nauli. Migodi iliongeza kazi: dhahabu ya Geita, iliyochimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka mgodi ule wa kwanza ulipofungwa mwaka 1966, na almasi ya Mwadui, aliyoigundua John Williamson mwaka 1940. Mwenye lori alikuwa aghalabu Mhindi mwenye kinu au duka, na baada ya mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Viktoria nalo. Mwafrika alikaa kwenye usukani, au nyuma juu ya magunia akiwa utingo.

Mwaka huo wa 1940, kwa sababu ya vita, kodi ya mapato iliingia Tanganyika, na mwaka 1952 ikawekwa sheria moja kwa Afrika ya Mashariki yote. Sheria hiyo ilikuja na kanuni iliyotungwa Uingereza tangu karne ya 19, kwamba gharama itakatwa katika pato iwapo ilitumika kwa ukamilifu, na kwa makusudi hayo tu, katika kulipata pato hilo. Ningependa wasomaji waipime kanuni hii na desturi ya kambi ya wapagazi. Kiini ni kimoja: linaloliwa na njia si mali ya msafiri. Ila desturi ile ilikuwa katika Kiswahili na Kinyamwezi, ikajulikana na kila mbeba mzigo. Na sheria hii ilikuwa katika Kiingereza, ikajulikana na karani wa mwenye lori. Dereva aliendelea kutoa kodi ya kichwa, ambayo iliondoka na kurudi kwa majina mbalimbali mpaka kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003.

Mwenye lori wa Kiafrika, aliye bwana wa mali na dereva kwa pamoja, ni mtu wa siku za karibu zaidi. Aliongezeka baada ya biashara ya uchukuzi kuachiwa watu binafsi, na katika Shinyanga alisaidiwa na mambo mawili. La kwanza ni Bandari Kavu ya Isaka, ambako mizigo ya Rwanda na Burundi huteremshwa kutoka reli na kupakiwa juu ya malori. La pili ni migodi mipya: Geita uliofunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi uliotoa dhahabu tangu 2009 mpaka 2021. Mtu huyu anatawaliwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyoshika mahali pa ile ya 1973. Kwa sheria hiyo, dizeli, matairi, matengenezo, bima, leseni, ushuru wa halmashauri, mshahara wa utingo na riba ya mkopo hukatwa katika pato kabla ya kodi, maadam zilitumika kwa kazi na ushahidi upo.

Lori lenyewe halikatwi mara moja. Sheria yalihesabu kuwa mali inayochakaa, ikaliweka gari zito la mizigo pamoja na tela lake katika kundi la pili, ambalo uchakavu wake ni asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka, na gari la mizigo la chini ya tani 7 katika kundi la kwanza, asilimia 37.5. Tuseme mtu amenunua lori zito kwa shilingi 100,000,000. Mwaka wa kwanza atakata 25,000,000. Wa pili, asilimia 25 ya 75,000,000, yaani 18,750,000. Wa tatu 14,062,500. Na hivyo hivyo kwa kupungua. Mpango huu una akili, maana lori jipya ndilo lipotezalo thamani upesi. Lakini njia ya Kahama hadi Geita kwa kupitia Bulyanhulu haijui asilimia, na wenye malori wengi wanaona gari limezeeka mbele ya hesabu yake.

Hayo yote ni kwa mwenye kuandika hesabu. Kwa mfanya biashara mdogo ipo njia nyingine, kodi ya makadirio, ambayo hutozwa juu ya mauzo yote bila kukata gharama yo yote. Mwaka 2004 njia hii ilikuwa ya wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 20 kwa mwaka, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi milioni 100. Mwaka 2022 Sheria ya Fedha ikaweka utaratibu wa namna hiyo kwa watu binafsi wasafirishao abiria na mizigo, kiasi kikifuata aina ya gari. (Neno makadirio, nitaje kwa kupita, lina kazi mbili katika ofisi za kodi: ni jina la kodi hii, na ni jina la hesabu ya kodi yo yote ile. Mlipa kodi huitwa kwa neno moja kwa shauri mbili tofauti.) Faida ya njia hii ni wepesi, na sheria yampa mtu ruhusa ya kuikataa na kuleta hesabu zake kamili. Hata hivyo, tukiitazama kwa jicho la historia, kodi ihesabiwayo kwa gari, bila kuuliza gari limekula nini, ni jamaa ya karibu ya kodi ya nyumba ya mwaka 1898. Biashara ya malori hasa ndiyo isiyofaa kupimwa kwa mauzo, kwa kuwa nauli nyingi hugeuka moshi na raba. Duka laweza kupata faida katika mauzo madogo. Lori laweza kupata hasara katika mauzo makubwa, hasa likirudi tupu.

Sasa turudi kwenye posho, maana hapa ndipo neno la zamani linapogongana na sheria mpya. Dereva aliyeajiriwa akipewa posho ya safari ambayo ni marudishio ya gharama alizotumia kwa ajili ya kazi yake, haihesabiwi kuwa pato lake. Na mwajiri naye huikata katika pato la biashara. Chakula cha njiani, kwa hiyo, ni gharama ya mzigo kama zamani. Lakini tajiri na dereva wakiwa mtu mmoja, nani atampa nani posho? Wali anaokula Tinde na kitanda anacholala Ushirombo anavilipa kwa mkono wake, na sheria yakataza kukata matumizi ya mtu ya kujitunza mwenyewe na nyumba yake. Karani aweza kumwambia kwamba hata angelikaa nyumbani angelikula.

Hoja hiyo si ya Tanzania peke yake. Uingereza, mwaka 1975, seremala mmoja aliyefanya kazi zake mwenyewe alidai akatiwe si chakula chote, bali nyongeza tu: nyumbani alikula kwa senti kumi za nchi ile, na kazini kwa arubaini. Katika shauri lile, liitwalo Caillebotte na Quinn, alishindwa, kwa kuwa mahakama iliona mtu hula ili aishi. Marekani wamefuata njia nyingine: dereva wa safari ndefu anayejitegemea, ambaye saa zake za kazi zimewekewa mipaka na sheria ya uchukuzi, hukata asilimia 80 ya gharama ya chakula chake cha safarini. Wamarekani wametambua kwamba dereva amelazwa mbali na jiko lake na kazi yenyewe, na kwamba sahani ya njiani haiko sawa na sahani ya nyumbani. Hili mpagazi wa Usukuma alilijua bila mahakama. Kwa maoni yangu seremala yule hana mfano wa kutosha hapa. Yeye alirudi kwake jioni; mwenye lori wa Kahama hulala Rusumo akingoja karatasi za mpakani.

Na hongo je? Sheria ya 2004 inalitaja bila kulificha: rushwa na fedha zitumikazo katika vitendo vya rushwa hazikatwi, wala faini za kuvunja sheria hazikatwi. Hapana mtu wa kuitetea rushwa. Lakini mwana lugha ataona ajabu ya safari ya neno hili. Lililokuwa gharama halali ya njia, lenye mjadala wa wazi na bei ijulikanayo, limegeuka kuwa kitu ambacho hata kukiandika katika daftari ni hatia. Na kazi yake ya zamani imegawanywa kwa majina mengine. Tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara, ushuru wa mazao, leseni ya kusafirisha mizigo, na malipo ya kivuko cha Kigongo na Busisi mpaka daraja lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, hayo yote ni malipo ya kupita, nayo yana stakabadhi, kwa hiyo hukatwa. Uhalali umehama kutoka kwa mpokeaji ukaenda kwenye karatasi. Kwa dereva jambo hili lina uzito wa fedha taslimu, maana mambo mengi ya njiani ni halali na hayana karatasi: kijana aliyemsaidia kuziba tairi usiku, mlinzi wa gari kwenye maegesho, watu waliolisukuma lori kutoka kwenye tope. Shilingi hizo zilitumika kwa kazi, tena kwa kazi hiyo tu, lakini mbele ya mkaguzi hazikutumika kamwe.

Yabaki shauri la maneno, ambalo ni letu sisi hasa. Katika mazungumzo ya kodi nayasikia makato, punguzo, msamaha na nafuu yakitumiwa kama ndugu wa baba mmoja. Si ndugu. Msamaha na nafuu ni ukarimu wa serikali. Mtu husamehewa alichokuwa akidaiwa. Makato, kwa masikio ya mfanya kazi, ni kile kinachoondolewa katika mshahara wake, kwa hiyo neno lenyewe lina uchungu ndani yake. Gharama ya njia si msamaha, maana haikuwa faida hata siku moja. Dereva anayeambiwa aombe punguzo huenda kama mwombaji. Anayeambiwa aonyeshe gharama huenda kama mwenye haki. Nimependelea kusema gharama za kutolewa katika pato, ijapokuwa ni maneno mengi.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo kazi ya kuzitia sheria katika Kiswahili imekuwa ya lazima. Mfasiri atakapofika kwenye kifungu kile kinachokataza matumizi ya mtu katika kujitunza, neno litakalomjia upesi ni kujikimu. Ni neno zuri na la asili. Lakini serikali inayo tayari posho ya kujikimu, ambayo humpa mtumishi wake anapolala nje ya kituo cha kazi, kwa kuwa chakula na malazi ya safarini ni gharama ya kazi. Mfasiri asipoangalia, neno lile lile litampa ofisa chakula chake Shinyanga mjini, na mwenye lori aliyekula meza moja naye litamnyima.